Baiskeli ya milimani: anzia ardhini, panda juu

Mtu akija na baiskeli mpya ya milimani, wenzake humuuliza ina gia ngapi na fremu imetengenezwa kwa kitu gani. Mimi huinama kwanza nikabonyeza matairi. Baiskeli inagusa ardhi kwa vipande viwili tu vya mpira, kila kimoja kinatoshea ndani ya kiganja, na kila unachofanya ukiwa juu yake, iwe kupiga breki, kukata kona au kupanda mlima, kinapitia hapo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini: matairi, breki, shokapu, halafu mwili wako, halafu njia yenyewe. Baiskeli ya kawaida iliyotayarishwa kwa mpangilio huo itakufikisha mbali. Ya gharama kubwa iliyopuuzwa chini itakuangusha kwenye kona ya kwanza yenye kokoto.

Upepo wa matairi

Kosa ninaloliona kuliko yote ni matairi yaliyojazwa mpaka yakawa kama mawe. Kwenye lami tairi gumu hukimbia vizuri. Kwenye mizizi na mawe hurukaruka, na tairi likiwa hewani halishiki kitu. Tairi lenye upepo wa kiasi hujikunja kidogo juu ya mzizi, likaukumbatia na kupita. Ukipunguza kupita kiasi nako kuna adhabu yake: rimu inagonga jiwe, tyubu inabanwa katikati, na unapata pancha ya matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka.

Kwa mtu wa kilo 70 hadi 75, mwenye matairi ya upana wa inchi 2.3 au 2.4 yasiyo na tyubu, anza na psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 22 mbele na 25 nyuma. Ukitumia tyubu, ongeza psi 3 hadi 5 kwa kila tairi. Ukiwa mzito zaidi panda kidogo, ukiwa mwepesi shuka kidogo. Nyuma hupewa zaidi kwa sababu ndiko uzito wako mwingi uliko unapokaa. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, usiijaze kana kwamba ni agizo.

Kisha tafuta namba yako mwenyewe, na hapa usiwe na haraka. Chagua mzunguko mfupi wa dakika kumi wenye kona moja ya mizizi na mawe machache. Uendeshe mara moja. Punguza psi 2, uendeshe tena. Endelea hivyo mpaka tairi lianze kulegea kwenye kona kama linataka kukunjika chini yako, au usikie rimu ikigonga. Hapo rudisha psi 2, uandike namba hiyo mahali. Tumia kipimo kilekile kila siku, kwa maana vipimo viwili vinaweza kusoma tofauti, na unachotafuta ni kurudia hali uliyoizoea. Ardhi ikiwa na unyevu, psi 1 pungufu husaidia.

Matairi yasiyo na tyubu yanafaa sana kwa kazi hii, kwani kimiminika cha kuziba kilichomo ndani hufunga tundu la mwiba kabla hujajua umechomwa. Lakini kimiminika hicho hukauka baada ya miezi miwili hadi sita, kutegemea joto. Tikisa gurudumu karibu na sikio: usiposikia kitu kikichezacheza, ongeza. Tairi la inchi 29 huhitaji takriban mililita 90 hadi 120. Na bado beba tyubu ya akiba, maana ubavu ukichanika kimiminika hakifui dafu.

Mbele weka tairi lenye meno marefu na mpira laini zaidi. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi una nafasi ya kujirekebisha. La mbele likiteleza, uko chini. La nyuma ndilo huisha mapema, kwa hiyo linapokuwa kipara hamishia nyuma lile lililokuwa mbele, na jipya liende mbele.

Kuhusu ukubwa wa magurudumu sitakaa sana. Inchi 29 hupita juu ya mawe kwa urahisi, 27.5 hugeuka upesi, 26 ni za zamani na bado zinakwenda. Usibadilishe baiskeli kwa sababu hiyo pekee.

Breki

Karibu na Fairfax, katika Marin County, California, kuna njia ya mteremko mkali inayoitwa Repack. Tarehe 21 Oktoba 1976 kundi la vijana lilishindana kuishuka kwa baiskeli nzito za zamani, ambazo nyingi zilikuwa na breki ya kurudisha pedali nyuma. Mpaka wafike chini, joto la breki lilikuwa limeunguza grisi ndani ya kitovu cha gurudumu ikatoka moshi, na kila mmoja alilazimika kufungua kitovu na kupaka grisi upya. Jina la njia likatokana na kazi hiyo ya kujaza grisi. Mashindano hayo ni sehemu ya mwanzo wa mchezo huu, ambao ulifika kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996.

Breki za diski za leo ni za aina nyingine kabisa, lakini adui ni yuleyule: joto. Anayeshuka mlima mrefu akiwa ameshikilia breki kidogo muda wote huchemsha diski, na ghafla anavuta mkono wa breki akikuta nguvu zimepungua. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza mwendo, achia, acha diski ipoe, kisha bana tena.

Pedi mpya hazishiki siku ya kwanza. Tafuta mahali tambarare, kimbia kiasi, bana breki mpaka ukaribie kusimama bila kufunga gurudumu, achia. Rudia mara ishirini kwa kila breki. Kuanzia hapo, mafuta yasikaribie diski wala pedi. Tone moja la mafuta ya mnyororo linatosha kuharibu pedi, na wengi hujiharibia kwa kupuliza dawa ya kopo ovyo karibu na gurudumu la nyuma. Pedi zikibaki na unene chini ya milimita moja, badilisha. Kama breki zako zinatumia mafuta, soma ni ya aina gani: mafuta ya madini na yale ya DOT (aina ya breki za magari) hayachanganywi hata kidogo, yataharibu mipira ya ndani.

Mikono ya breki ikae mahali ambapo kidole kimoja, cha shahada, kinafikia ncha yake huku vingine vimeshika usukani. Iinamishe mpaka kifundo cha mkono kinyooke unapokuwa umesimama juu ya pedali. Kazi hiyo ni ya dakika mbili kwa spana ya alen, nayo huondoa maumivu ya viganja ambayo watu huzilaumu glavu kwayo.

Shokapu

Kwa anayeanza, ningependelea baiskeli yenye shokapu mbele tu. Ina vitu vichache vya kuharibika, na inakufundisha kuchagua mstari badala ya kuponda kila kilichoko mbele yako.

Shokapu ya upepo lazima ipimwe kwa uzito wako, na bila kupimwa utakuwa umebeba uzito wa bure. Vaa nguo zako zote na mkoba wenye maji. Sukuma pete ndogo ya mpira iliyoko kwenye mguu wa shokapu mpaka chini kabisa. Panda taratibu ukiegemea ukuta, simama juu ya pedali kama unavyosimama njiani, kisha shuka bila kuitikisa. Pima pete imesogea kiasi gani. Mbele, kuzama kuwe asilimia 15 hadi 20 ya mwendo wote: shokapu ya milimita 120 izame milimita 18 hadi 24. Nyuma, kama unayo, asilimia 25 hadi 30. Ikizama zaidi ongeza upepo kwa pampu yake maalumu; ikizama pungufu, punguza.

Kuna pia kitasa cha kurekebisha kasi ya kurudi. Shuka kutoka ukingo wa barabara ukiwa umekaa: shokapu irudi juu mara moja na kutulia. Ikidundadunda, punguza kasi. Ikirudi kivivu, mawe yanayofuatana yataibana chini bila kuipa nafasi ya kupumua. Miguu ya mbele ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa mafuta mapya kila baada ya takriban saa 50 za kuendesha.

Mwili na unachovaa

Kimo cha siti: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha unyayo mahali pake goti litakunja kidogo, na hicho ndicho kimo cha kupandia. Cha kushukia ni chini zaidi, kwa hiyo teremsha siti kabla ya mteremko. Nguzo ya siti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani ndicho kifaa cha ziada ambacho ningekishauri kabla ya kingine chochote.

Helmeti ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikikutana chini ya sikio kama herufi V. Ikipigwa mara moja katika ajali, hiyo imekwisha kazi hata kama haionyeshi ufa, kwa kuwa povu la ndani hujibonyeza mara moja tu. Ongeza glavu za vidole virefu, miwani ya kukinga vumbi na matawi, pedi za magoti kwenye njia za mawe, na viatu vya soli bapa. Viatu vinavyonasa kwenye pedali vina faida yake, lakini anza na pedali bapa zenye pini ndogo ndogo. Zitakufundisha kuukandamiza mguu, nawe utaweza kuutoa papo hapo ukihitaji.

Mkobani: tyubu, levya mbili za kutolea tairi, pampu ndogo, viraka, seti ya alen, kifaa cha kukatia mnyororo, pingili ya kuungia, kishikio cha akiba cha mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo (kila fremu ina cha kwake, usidhani cha mwenzako kitaingia), vibanio vichache vya plastiki, bandeji, simu yenye chaji. Maji, kama nusu lita kwa kila saa, zaidi kukiwa na joto.

Dakika tano kabla ya kuondoka

Bonyeza matairi, kisha pima. Zungusha kila gurudumu, usikilize kama diski inakwaruza. Bana breki zote mbili, mkono usifike kwenye usukani. Bana breki ya mbele peke yake, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ukisikia mgongano kwenye shingo ya usukani, beringi zimelegea. Shika kila mkono wa pedali uutikise kwa upande. Hakikisha ekseli za magurudumu zimefungwa. Mwisho, inua baiskeli sentimita kumi uidondoshe juu ya matairi yake, na kitu chochote kilicholegea kitajitangaza kwa sauti.

Njiani

Mkao ndio msingi. Kwenye njia iliyovurugika, simama juu ya pedali zilizo sambamba na ardhi, magoti na viwiko vimekunjwa na kutanuka, kifua kimeshuka, nyonga nyuma kidogo ya katikati. Uzito wote uwe miguuni. Jipime hivi: ukiwa kwenye mteremko mdogo, unaweza kuchezesha vidole vya mikono bila kuyumba? Kama huwezi, umeegemea usukani.

Macho yaende mbele mita kumi au zaidi, kadiri mwendo unavyoongezeka. Baiskeli hufuata macho. Ukilikazia jiwe macho, utaligonga jiwe hilo hata kama pande zote mbili ni wazi.

Kona ndiyo mahali ambapo wengi huanguka, na karibu kila mara chanzo ni breki iliyochelewa. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka. Ukifika kwenye kona, achia breki au zibaki kwa mbali sana, maana tairi lenye kazi mbili kwa wakati mmoja, kusimamisha na kugeuza, hushindwa zote. Ilaze baiskeli chini yako huku mwili wako ukibaki wima kidogo, kandamiza mguu wa nje, na geuza kidevu kuelekea unakotokea. Weka vitu viwili uwanjani, mita tano kati yao, uvizunguke kwa namba nane dakika kumi kila mara unapotoka. Zoezi hilo linachosha roho, lakini hakuna lililonisaidia zaidi.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, tofauti na wengi wanavyoambiwa. Unapobana, uzito husogea mbele na gurudumu la mbele likashika zaidi. Kinachowarusha watu juu ya usukani ni kubana ghafla huku mikono imelegea na mwili uko mbele. Shusha visigino, sukuma nyonga nyuma, bana polepole ukiongeza.

Kupanda ni subira. Badilisha gia kabla mlima haujakukamata, kwa sababu mnyororo ukibadilishwa huku unanyonga pedali kwa nguvu zote huweza kukatika. Kaa kwenye ncha ya siti, inamisha kifua, viwiko chini. Gurudumu la mbele likinyanyuka, sogea mbele. La nyuma likizunguka bure, rudi nyuma kidogo. Nyonga kwa mviringo laini, hasa juu ya mizizi yenye maji, ambayo uikate kwa pembe ya mraba na bila breki.

Watu wengine na ardhi yenyewe

Njia nyingi zilizotengenezwa kwa baiskeli hupangwa kwa rangi: kijani rahisi, bluu wastani, nyeusi ngumu, na nyeusi mara mbili kwa wataalamu. Anza rangi moja chini ya unayodhani inakufaa. Usipoijua njia, iendeshe mara ya kwanza polepole, shuka utembee penye mashaka uangalie unatua wapi.

Shirika la waendesha baiskeli za milimani, IMBA, lililoanzishwa Marekani mwaka 1988, lilieneza kanuni ambazo leo zinafuatwa sehemu nyingi: mpishe anayetembea kwa miguu na aliyepanda farasi, na anayeshuka ampishe anayepanda. Kwa farasi, simama kabisa, ongea kwa sauti ya kawaida ili mnyama ajue wewe ni binadamu, na subiri mpandaji akuelekeze.

Tope ni jambo linaloniuma. Njia iliyolowa ikipitwa na baiskeli hubaki na mtaro, maji yajayo hufuata mtaro huo, na baada ya misimu miwili kijia chembamba kimekuwa korongo. Ukiona tairi linaacha alama yenye kina, geuza urudi. Ukikutana na dimbwi moja kwenye njia iliyo kavu, pita katikati yake. Kila anayelizunguka huongeza upana wa njia na kuua majani ya kando.

Mambo yakiharibika mbali na nyumbani

Pancha:

1. Toa gurudumu. La nyuma, weka kwanza mnyororo kwenye duara dogo kabisa la meno. Usibane breki wakati gurudumu liko nje, pedi zitafungana.
2. Maliza upepo wote, sukuma kingo za tairi ziingie katikati ya rimu, kisha ingiza levya upande ulio mkabala na valvu.
3. Toa tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima. Mwiba ukibaki humo utatoboa na tyubu mpya.
4. Ipe tyubu mpya upepo kidogo tu ipate umbo, iweke, rudisha kingo kwa mikono ukimalizia kwenye valvu. Levya mwishoni mara nyingi hubana tyubu.
5. Jaza nusu, kagua kote kama tyubu haijabanwa, ndipo umalizie.

Ubavu ukichanika, weka ndani kipande cha tairi kuukuu au noti iliyokunjwa mara kadhaa, kati ya tyubu na tundu. Mnyororo ukikatika, toa pingili iliyoharibika, unga kwa pingili ya akiba, na uepuke duara kubwa la meno la nyuma kwa kuwa sasa ni mfupi. Mkono wa gia ukipinda mpaka kugusa spoku, usinyonge tena, hata mara moja.

Ukianguka, kaa chini kwanza. Aliyegonga kichwa akachanganyikiwa, akatapika, akaumwa kichwa kinachozidi au kusahau kilichotokea, hapandi tena siku hiyo, na apelekwe kwa daktari hata kama anasisitiza yuko sawa.

Ukirudi

Osha kwa ndoo na brashi. Maji ya mashine yenye msukumo mkali huingia kwenye beringi na kusukuma grisi nje. Kausha mnyororo kwa kitambaa, tia tone moja kwenye kila pingili ukinyonga kinyumenyume, ngoja dakika kumi, kisha futa yote yaliyobaki nje. Mafuta yanafanya kazi ndani ya pingili. Yaliyo nje hukusanya vumbi likawa msasa.

Mara moja kwa mwezi pima mnyororo kwa rula. Urefu unaotakiwa, kutoka pini hadi pini inayolingana nayo, ni inchi 12 kamili kwa pingili kumi na mbili nzima. Pini ikipita alama kwa 1/16 ya inchi, mnyororo umevutika asilimia 0.5, na kwa baiskeli ya gia 11 au 12 nyuma ubadilishwe. Ukiuacha, utakula meno ya kaseti (yale maduara ya meno ya nyuma), na kaseti ni ghali kuliko minyororo kadhaa.

Mimi nina daftari dogo limening'inia kwenye msumari karibu na baiskeli. Lina tarehe, psi mbele, psi nyuma, saa nilizoendesha, hali ya ardhi, na mstari mmoja wa lililonishinda. Kona ya mizizi iliyo chini ya ule mteremko wa mwisho imeandikwa humo mara tisa. Mara ya kumi nimeandika tu: 21 mbele, 24 nyuma, unyevu kidogo, nimepita.